Sikio na Meza ya Cherehani

Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha la kibanda chake, fundi huyu wa kompyuta huwasha mashine kuukuu, akainama na kuitegea sikio ubavuni kama mama anayesikiliza kifua cha mwanawe. Ndiyo maana wakamwita Sikio. Jina la kuzaliwa hata majirani wamelisahau.

Siku moja aliitwa na fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Diski ya kompyuta yake ilishakufa mara moja, ikaondoka na mitindo yote aliyochora tangu ujana. Akaichora upya hadi vidole vikakakamaa. Sasa diski ya pili nayo ilikuwa inagonga: tak, tak.

"Hii ikifa, dada, natundika mkasi. Sichori tena."

"Mgonjwa anapumua, wewe ushachimba kaburi!"

Mafundi waliotangulia, wengine walisema umeme, wengine vumbi. Sikio hakumbishia mtu. Alichomeka diski yake ya akiba, akaanza kunakili mitindo, naye fundi cherehani, kwa wasiwasi, akarudi kukanyaga cherehani pembeni, kwenye meza ileile iliyobeba kompyuta. Tak, tak. Kazi ikakwama.

Sikio akaweka kiganja mezani.

"Hebu acha kushona."

Kimya. Kazi ikasonga.

"Haya, shona."

Tak.

"Acha, acha!"

Mzee wa watu akashika kichwa. "Kumbe muuaji ni mimi!"

"Ni meza. Ndani ya diski kuna sahani inazunguka, na juu yake kichwa chembamba kinaelea bila kuigusa. Ukikanyaga cherehani kinatikisika, kinaikwaruza. Wewe ungeweza kutunga uzi sindanoni juu ya punda anayekimbia?"

"Hata kifungo nisingeshika!"

Cherehani ikanyamaza mpaka mtindo wa mwisho ulipookolewa. Ndipo Sikio akafunga diski mpya, akaihamishia kompyuta kwenye rafu ya ukuta wa pili. Mzee alipotaka kusaidia kubeba, akafukuzwa.

"Wewe kaa hapo. Mikono yako inatikisa."

Wakacheka.

"Utarudi lini kuikagua?"

"Ukiniona hapa tena, ujue nilikosea."

Akatupia begi begani, akainama kupita chini ya magauni yaliyotundikwa mlangoni, akatoka. Fundi cherehani alishona msimu ule na misimu iliyofuata, akachora mitindo mipya hadi akachoka kuipa majina. Mara nyingine aliinua macho kutazama mlango.

Sikio hakurudi.