Bomba la Mita Arobaini

Kazi yangu ni kukokotoa moshi. Watu wengi hapa Iringa wakisikia hivyo hudhani nauza mkaa, na siku hizi sijisumbui kuwasahihisha. Kiwanda kikitaka kuongeza tanuri, mimi huandaa faili lenye habari za bomba lake la moshi: lipo wapi, lina urefu gani, moshi unatoka na joto gani na kwa kasi gani. Kompyuta inalichukua faili hilo pamoja na upepo wa mwaka mzima, inanichorea ramani ya nani atavuta nini. Ramani ina rangi. Watu wetu wanaheshimu sana kitu chenye rangi, na mimi ndiye wa kwanza.

Kazi ya safari hiyo ilitoka Ubaruku, kwenye kiwanda cha mpunga kinachochoma pumba ili kukaushia mpunga. Mwenye kiwanda alitaka kuongeza tanuri la pili, na ruhusa ingetegemea ramani yangu. Nyuma ya ukuta wa kiwanda, hatua kama mia hivi, anakaa mama mkwe wangu. Ana pumu. Tangu mke wangu akiwa mtoto, mama huyu ndiye anayefua vitambaa vyeupe vya altare vya parokia, na heshima yake yote pale mtaani imetundikwa kwenye kamba ile ya nguo. Siku niliyokwenda kupima nilimwamkia nikiwa mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe. Alikuwa anaanua vitambaa, vimejaa vidoa vya masizi.

"Marahaba, baba. Siku hizi nafua mara mbili," alisema. Si desturi yake kumlalamikia mkwewe.

Urefu wa bomba niliukuta kwenye mchoro wa fundi, uliobandikwa mlango wa stoo: 40. Nikaandika arobaini kwenye faili, safu ya mita. Wakati naandika nilikuwa nimesimama chini ya bomba lenyewe.

Ramani ikatoka kijani tupu. Moshi ulipaa juu ya nyumba zote, ukaenda kutua huko mashambani, kwa vyura na korongo. Nikaisoma mbele ya mkutano wa kijiji nikiwa na fimbo ya kuonyeshea, nimevaa koti, najiona mtu kati ya watu. Mkutano ulipoisha mama mkwe alinisogelea.

"Kwa hiyo kwangu haufiki?"

"Kompyuta inasema haufiki, mama."

"Haya. Basi itakuwa ni mimi tu."

Neno hilo lilinikaa rohoni hadi nikarudi kwangu Ipogolo. Nikalifungua faili upya, kwa hasira zaidi kuliko kwa shaka. Nikatafuta nukta za desimali zilizogeuka mikato. Nikaangalia kama nimegeuza namba za ramani zinazoonyesha kiwanda kilipo, maana kiwanda kimoja cha Mbeya nilishawahi kukizamisha katikati ya Ziwa Nyasa na ramani ikatoka nzuri ajabu. Nikakagua joto, kasi, upana wa bomba. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Programu haikulalamika popote. Ukiipa upuuzi uliopangwa vizuri inaupokea kwa adabu, na mimi adabu hiyo nilikuwa naiita usahihi.

Wiki hiyohiyo fundi wa banda langu la kuku aliniletea karatasi ya vifaa. Aliandika: mabati sita, 10. Nikamwuliza kumi nini. Akanitazama kama anayemhurumia mgonjwa.

"Futi, bosi. Kwani bati linapimwa na nini?"

Nimezaliwa kwenye nyumba ya mabati ya futi kumi, Kilolo. Mbao, mabati, mabomba, hakuna fundi nyanda hizi anayevipima kwa kingine, na hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Nikampigia simu fundi wa Ubaruku, mchomeleaji aliyechora mchoro ule wa mlangoni.

"Arobaini, ndiyo. Futi," alisema. "Mita arobaini mimi ningepanda na nini?"

Ni mita kumi na mbili. Bomba la mita arobaini lingeonekana tangu barabara kuu, na watu wangekuja kupiga nalo picha za harusi. Nikafuta namba moja, nikaweka nyingine, nikaiendesha programu. Rangi nyekundu ikatua juu ya paa la mama mkwe.

Nikarudi Ubaruku, nikaomba mkutano mwingine, nikasema wazi kwamba kosa ni langu. Watu walicheka, na walikuwa na haki. Mwenye kiwanda hakucheka. Aliambiwa hakuna tanuri la pili mpaka bomba lile lirefushwe, na kwamba hesabu itarudiwa, safari hii kwa utepe wa kupimia.

Nikaenda kwa mama mkwe nikiwa mwepesi, nimebeba habari njema. Nilimkuta uani, kamba ya nguo haina kitu. Nikamweleza yote, futi na mita, kwamba moshi ulikuwa unamfikia kweli, kwamba kosa halikuwa la mikono yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, baba," alisema. "Ila vitambaa nilishavirudisha kanisani. Niliwaambia nimezeeka, mikono yangu haitakatishi tena. Wameshampa mwingine."

Kisha akaniuliza kama nimekula.