Chai ya Bibi Eluned na Maji Yasiyokwisha

Saa tatu asubuhi, mjini Dolgellau, kaskazini mwa Wales, Nerys Bowen amepiga magoti nyuma ya kochi la watu. Ana spana mkononi na taulo kuukuu chini ya bomba, maana zulia la hapa ni la rangi ya maziwa.

"Likidondoka tone moja, Bibi atanizika nalo," ananong'ona.

"Nakusikia, mwanangu," anajibu mwenye nyumba, Bibi Eluned Pritchard, akiwa jikoni. "Na ni kweli."

Nerys, mwenye miaka hamsini na mitatu, ni fundi wa mabomba ya kupashia nyumba joto. Leo anabadilisha pampu iliyokufa juzi. Kabla ya kuigusa, lazima maji yote ya redieta, yale mabamba ya chuma ukutani, yatoke.

Na hawezi kusema atarudi kesho. Alasiri hii gari la wagonjwa linamleta Mzee Emrys, mume wa Bibi, ambaye mapafu yake yamemlaza hospitali mwezi mzima. Muuguzi ameshasema: nyumba ikiwa baridi, mzee anarudi wodini.

Boila, mtambo unaochemsha maji hayo, imezimwa na kupoa. Koki kuu iliyo chini ya sinki imefungwa. Nerys amechomeka mpira kwenye bomba la chini kabisa na kuupeleka nje mtaroni, kisha akapanda kulegeza redieta za juu ziingie hewa. Maji yanatoka meusi kama wino.

Kazi hii alifundishwa na marehemu mumewe. Alipofiwa, wateja walimuuliza nani atawatengenezea sasa. "Nikawaambia, huyuhuyu aliyekuwa anashika tochi," anasema.

Maji yanaendelea kutoka. Weusi unapungua, yanakuwa meupe, na bado hayakatiki. Nerys anayatazama mtaroni, uso umebadilika.

"Bibi! Umegusa koki ya jikoni?"

"Sasa ningekupa chai ya maji gani?" Bibi anatokea na trei. "Fundi aingie kwangu, atoke mkavu? Nimefungua kidogo tu."

"Ukaifunga?"

Bibi anatazama trei.

"Basi tumekuwa tukimwaga maji ya mji mzima," anasema Nerys, na kicheko kinamtoka. Bibi hacheki. Macho yake yako kwenye saa ya ukutani.

Nerys anamshika mkono. "Usijilaumu. Kule darini kuna tangi linalojaza redieta. Ningelifunga boya lake, lile linaloshuka kuruhusu maji kuingia, tangu mwanzo, hata ungefungua koki kumi lisingeingia tone. Nimekwepa ngazi ya darini kwa sababu ya goti hili bovu. Uvivu wangu huo."

Anafunga koki, anapanda ngazi akisimama kila hatua, analaza ufito juu ya tangi na kulifunga boya kwa kamba ya kiatu chake lisishuke. Punde mpira unakoroma na kukauka. Pampu inatoka, mpya inaingia. Nerys anafungua boya, anatia kamba mfukoni, anarudisha maji na kuwasha boila. Chai inapoa mezani.

Gari la wagonjwa linafika redieta zikiwa vuguvugu tu. Muuguzi anaweka kiganja kwenye ile ya chumba cha mzee. "Hii ni baridi."

"Ina hewa. Nipe dakika," Nerys anasema, na kwa mara nyingine anapiga magoti. Anazungusha ufunguo mdogo. Hewa inafyonya, inafyonya, kisha maji yanaruka. Muuguzi anaweka mkono tena, anauacha hapo.

"Haya. Mleteni."

Mzee Emrys anaingizwa kwa kiti, blanketi hadi kidevuni. "Eluned, mbona fundi ana kiatu kisicho na kamba?"

"Nyamaza uote moto," anasema mkewe, anafuta macho, na kuinamisha kichwa kumshukuru Mungu.

Baridi hii ikiisha, Nerys atafanyiwa upasuaji wa goti. Ameshakubali tarehe, baada ya kuikataa mara mbili. Akipona, anataka kurudi kwa wateja wake wote kabla ya baridi ijayo, na kila nyumba aanzie darini.

Bibi anasimama mlangoni na birika tupu.

"Fundi, sasa nina ruhusa ya kufungua maji?"