Kompyuta Inayofukizwa Udi

Leo nimemjua anayeiua kompyuta yangu. Ni mama.

Kampuni iliyoitengeneza imeniomba maoni ya mteja. Nikakaa hapa nyumbani Tanambao, Mahajanga, Madagaska, nikaandika kwa hasira.

Feni inakoroma! Inachemka kama birika! Fundi wenu hapokei simu!

Kabla sijatuma, mama akaja na chetezo, akaanza kuifukiza kompyuta udi. Taratibu, pande zote. Feni ikauvuta moshi wote.

"Mama! Unafanya nini?"

Akanijibu kwa Kikomoro, wala hakushtuka: "Dada yangu anapiga simu sasa hivi. Mgeni hapokewi kwenye nyumba isiyonukia."

(Dada yake yuko kisiwani Nosy Be. Magoti yamemkataza safari, sasa wanaonana kwa video tu.)

Nilitaka kumgombeza, wallahi.

Mara mama mkubwa akatokea kwenye skrini. Simsikii vizuri, feni yake nayo inakoroma. Na mbele ya uso wake, moshi wa udi!

Wakatazamana, wakacheka. Kisha wakafumba macho, wote wawili, wakavuta pumzi.

Nyie mngeiandikia nini kampuni?

Mimi nimefuta malalamiko yote. Nimeacha ombi moja: "Tengenezeni inayopitisha harufu."