Mikorosho Kwenye Uwanja wa Gofu

Kazi ya Evelina ni kufagia mchanga. Uwanja wa gofu ulio chini ya mlima wa mawe, pembeni mwa mji wa Masasi, haujawahi kuwa na nyasi za kutosha kuzunguka mashimo yake tisa. Tangu enzi za wazungu waliokuja na mradi wa kulima karanga, kila shimo limezungushiwa duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ili upepo usiupeperushe. Mchezaji akishapita, nyayo hubaki. Evelina huja na gunia lililopigiliwa kwenye ubao, akaliburuta kwa kuzunguka, kuanzia shimoni kwenda nje, mpaka duara linakuwa laini kama uji uliopoa. Alifundishwa na baba yake, Cecil, aliyeifanya kazi hiyo mpaka magoti yakamkatalia. Sasa Evelina ana miaka hamsini na minane, na hajawahi kupiga mpira hata mmoja.

Anachokijua ni maji. Mvua ya Januari ikipiga mlima, maji huporomoka juu ya mawe bila kushikwa na kitu, na uwanja huyapokea. Huyanywa taratibu, siku mbili tatu, na ndiyo yanayowafikisha watu wa mtaa wa chini Oktoba visima vikiwa bado na maji. Evelina aliolewa Kitangari, huko juu Newala, akabeba ndoo miaka tisa. Mimba yake ya kwanza iliishia njiani, kwenye mteremko wa kwenda majini. Mume alipofariki alirudi Masasi na binti yake Huruma, na siku ya kwanza alipochota maji nyuma ya nyumba bila kupanga foleni, alikaa chini akalia.

Kwa hiyo bango liliposimikwa Desemba kando ya shimo la kwanza, alilisoma mara mbili. Kampuni moja kutoka nje ya mkoa ilikuwa inaomba eneo libadilishwe kutoka michezo kuwa makazi. Mwenye pingamizi awasilishe ndani ya siku thelathini.

Watu walikusanyika, kila mmoja akasema lake. Evelina alikwenda nyumbani, akarudi na miche kumi na miwili ya mikorosho kwenye viriba, akaipanda katikati ya uwanja, kati ya shimo la tatu na la nne. Hakuna aliyehitaji maelezo. Huku kwetu mtu akitaka kusema ardhi hii ni yangu hapandi uzio, anapanda mkorosho. Ukiota, hata mjukuu wake ataonyeshwa: hapa ni pa fulani. Ndani ya wiki mbili mtaa mzima ulikuwa umepanda. Mzee Sadallah, Myao mwenye miaka sabini na kitu, jirani wa Evelina wa ukuta mmoja, alipanda arobaini, kwa mistari iliyonyooka, akaizungushia miiba.

Aliyewaharibia furaha ni Mwalimu Gregory, mstaafu aliyepangiwa Masasi ujanani akitokea Bukoba, mmoja wa watu wasiofika kumi wanaocheza bado. Alikuja na nakala ya maombi ya kampuni kutoka ofisi ya mtaa.

"Mama Huruma, umesoma sababu yao?"

"Nisomee, mwalimu."

"Wanasema uwanja umeachwa. Hauchezwi tena, wananchi wanalima. Jumanne afisa ardhi anakuja kujionea." Akanyoosha mkono kuelekea miche. "Ataona nini? Ataona shamba. Na mashamba ndiyo yanayokatwa viwanja kila siku. Kinachowazuia ni kwamba hapa ni pa michezo."

"Kwa hiyo tumewafanyia kazi yao."

"Mmewafanyia. Na bure."

Evelina aling'oa ya kwake jioni ile ile. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, akieleza na kuomba. Kung'oa mkorosho uliokwisha shika ni jambo zito. Wazee wanasema ni kama kumwachisha mtoto ziwa kabla ya wakati. Hata hivyo Jumapili jioni wote walikuwa wameng'oa, isipokuwa mmoja, Mzee Sadallah. Evelina akapiga hodi kwake.

"Shikamoo, Baba Shamila."

"Marahaba. Umekuja kwa mikorosho yangu, rudi tu."

"Afisa anakuja keshokutwa."

"Na aje. Nitamwonyesha mistari. Mie maisha yangu yote nimelima mashamba ya wenzangu, Mama Huruma. Hili ndilo la kwanza lililo langu."

Evelina aliona uso wake, akajua mzee hafanyi ukaidi.

Jumatatu alfajiri alichukua jembe, akaenda peke yake. Aliondoa miiba, akachimba mche mmoja mmoja na udongo wake, akaipanga arobaini yote kivulini. Alichokitegemea ni kitu kimoja. Yeye ni Mmakua, Sadallah ni Myao. Ni watani, na mtani akichukua cha mtani wake haitwi mwizi, wala mwenye mali haruhusiwi kukasirika. Lakini utani una mipaka, na anayeiweka ni aliyechukuliwa. Sadallah angeweza kusema, hili si la utani.

Sadallah alifika jua likichomoza. Alitazama mashimo, akatazama miche, akamtazama Evelina aliyejaa udongo mpaka viwikoni.

"Mmakua akichimba hivi," alisema mwishowe, "ujue amenusa panya."

"Panya mwenyewe Myao, kajificha na miiba."

Utani wa Wamakua kula panya ni wa siku zote, lakini Sadallah hakucheka. Aligeuka akaenda zake.

Jumanne Mwalimu Gregory alikuwa uwanjani na fimbo zake tangu saa moja, na wenzake watatu, na mchanga ulikuwa umefagiwa. Afisa ardhi, kijana mwenye buti safi, alitembea mashimo yote tisa. Baina ya la tatu na la nne alisimama.

"Huu udongo umechimbwa juzi. Palikuwa na nini?"

"Mikorosho," alisema Evelina. "Tulipanda, tukakosea. Nikang'oa."

"Yote yako?"

Alimtazama Sadallah, aliyesimama kando. "Mingine ya huyu mzee."

Afisa akamgeukia Sadallah, kalamu mkononi. "Mzee, una shamba hapa? Kama unadai, sema, niandike."

Watu wote wa mtaa walikuwa pale. Sadallah alitazama ile mistari yake, ambayo bado ilionekana kwenye udongo, imenyooka.

"Sina shamba hapa," alisema. "Nina mtani."

Kijana aliandika.

Machi ilikuja barua: ombi limekataliwa, eneo libaki la michezo. Wiki hiyo hiyo Sadallah aliingia uani kwa Evelina asubuhi, jembe begani, akapitiliza mpaka nyuma kwenye mihogo yake, akaanza kung'oa. Aling'oa mstari mmoja, akang'oa wa pili. Ndiyo iliyokuwa chakula cha Evelina cha mwaka mzima. Evelina alisimama mlangoni, kanga kaikaza kiunoni. Zamu ya mtani kuchukua ilikuwa imefika, na yeye hakuruhusiwa kukasirika.

"Haya, miti yake uniachie, Myao wewe," alisema. "Nipande mingine."

"Nitakuachia," alijibu Sadallah bila kuinua kichwa, akaendelea na mstari wa tatu.