Nimemnyoa Zabibu, na baridi ndiyo hii

Wanangu, Dubai nzima hakuna kinyozi wa kunifikia. Hata farasi wakiniona wanainamisha kichwa wenyewe!

Jana nilimnyoa Zabibu, yule poni, farasi mfupi wa binti wa madam, bosi wangu. Manyoya yalikuwa yamemjaa kama ndevu za beberu. Nikapitisha mashine mwili mzima, akang'aa, nikampiga na picha.

Mliiona, mkaipenda. Msinikane leo.

Maana asubuhi hii upepo wa jangwani umeamka na hasira.

Poni wenzake wako naye nje, wanatafuna nyasi kavu, wameupa upepo mgongo, manyoya yamesimama. Wala hawana habari.

Zabibu wangu anatetemeka mpaka meno.

Nikamtupia blanketi langu la kitandani. Akajitikisa, likaangukia mavi. (Msicheke, leo najifunika nini?)

Kaka Okello, Mganda ninayefanya naye kazi bandani, akaja kumshika masikio. Ya baridi.

"Manyoya yakisimama yanashika joto ndani, dogo. Ndilo koti lake. Umemvua."

"Yataota lini?"

"Baridi ikishaisha."

Nikamwingiza bandani, nikamjazia nyasi, nikamkumbatia shingo. Bado anatetemeka. Madam yuko njiani, nami sina kingine cha kufanya. Mnaojua farasi, semeni haraka!

Ila hili sijamwambia mtu. Okello alinikataza jana, mashine ikiwa mkononi mwangu. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamwambia ananionea wivu.