Pua Yangu na Bonde Lisilonuka

Siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, bibi yangu kule Msangano aliniita ninuse pombe ya ulezi kama imeiva. Nikamwambia, "Bado siku mbili." Ikawa kweli, na toka hapo nikasifiwa pua mpaka kichwa kikavimba. Shule niliishia la tatu, kwa hiyo pua ndiyo ilikuwa cheti changu. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, ikanipatia kibarua cha kufuata bomba la mafuta liendalo Zambia, nikinusa udongo kama linavuja.

Mkubwa wetu alikuwa Injinia Ambakisye, mtoto wa wakulima wa Ileje, aliyeanzia kwenye visima vya gesi huko pwani. Pamoja na elimu yake yote aliniita kaka.

Basi tukafika kwenye kibonde ambako majani yamekauka. Mchungaji mmoja akatuonya, "Msishuke. Mbuzi wangu wawili wamelala humo, hawakuamka."

Nikanusa. Hakuna mafuta, hakuna kitu. Nikamcheka, nikashuka. Hatua chache tu nikaanguka, na mengine nimesimuliwa: Ambakisye alibana pumzi, akanifuata, akaniburuta kwa ukosi wa koti.

Nilipozinduka alikuwa anashusha kibatari kwa kamba. Moto ukazimika kabla haujagusa majani.

"Kaka, pua yako nzuri, ila umeipa kazi isiyo yake. Hii ni hewa ya ukaa, inatoka ardhini, haina harufu. Ndiyo hiyo hiyo tunayoitoa tukichoma haya mafuta."

Akakaa pale ukingoni hata chai yetu ikapoa. Alikuwa anajiuliza ardhi iliifungiaje hewa ile miaka yote, na kwa nini tusiirudishe huko huko.

Akaomba masomo ng'ambo. Wenzake wakamtania, "Bwana mkubwa, unaacha mshahara wa mafuta ukazike moshi? Mkataa pema, pabaya panamwita."

"Ya kutoa nimetoa ya kutosha," akasema. "Nakwenda kujifunza kurudisha."

Leo ananasa moshi wa viwanda na kuusukuma chini ya mwamba, na wenyeji wa huko ng'ambo wanamwita mwalimu. Nami hapa Tunduma natembea kifua mbele kana kwamba nilimzaa mimi.

Mwanangu, unachokijua kikutumikie, kisikutawale. Anayekuonya msikilize, hata kama ameshika fimbo ya mbuzi. Na kazi ikishakufundisha yote iliyonayo, usiogope kuiacha. Mungu akutangulie, akufikishe mbali, na kwenu wakutaje kwa furaha.

Ambakisye, siku ile ya kuondoka, aliweka kofia yake ngumu juu ya meza ya ofisi, akanipa mkono, akashika njia ya stendi. Kwenye bomba hakurudi tena.