Mkia wa Chura Ulikwenda Wapi

Mwenzangu, juzi nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Tinde namenya karanga, na mjukuu wangu anasoma kitabu chake cha baiolojia kwa sauti, maana ana mtihani na anadai akisoma kimya hakiingii kitu. Masikio yangu yalikuwa kwenye redio ya jirani. Mara nikasikia neno “kiluwiluwi”, nikamwambia arudie hapo. Akarudia. Kiluwiluwi anapogeuka kuwa chura, mkia wake haukatiki wala haudondoki. Seli za ule mkia zenyewe zina vimeng’enya, vimefungiwa ndani kwenye vifuko vidogo sana, na wakati ukifika vimeng’enya hivyo huzimeng’enya seli hizo hizo zilizovibeba. Mkia unaliwa kutoka ndani, na kinachopatikana kinamlisha chura wakati mwili wake unajijenga upya. Nilicheka mpaka karanga zikamwagika. Mjukuu alidhani nimepaliwa.

Hakujua kwamba swali la mkia huo nililikuta darasani nikiwa msichana mdogo kule Kishapu, miaka ya hamsini ikianza, na kwamba lilikaribia kumwozesha rafiki yangu.

Ungeiona Kishapu ya wakati ule. Kiangazi ilikuwa vumbi, ng’ombe na upepo, na maji tulifuata mbali hadi midomo ikapasuka. Lakini mvua za kwanza zikidondoka, ule udongo mweusi wa mbugani ulikuwa unanukia mtu akatamani kuula, na uliganda miguuni hata mtu akafika shule amevaa viatu asivyonunuliwa. Bibi alikuwa akinijazia michembe mfukoni, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, nikaitafuna njia nzima. Kwenye lambo, lile bwawa la kunyweshea ng’ombe, vyura walipiga kelele mpaka wachungaji wakawa wanaongea kwa mikono. Baada ya siku chache maji ya pembeni yalikuwa meusi kwa viluwiluwi. Nilipenda msimu ule kuliko sikukuu yoyote.

Mwalimu wetu alikuwa mgeni kutoka Tabora, mtu mwembamba mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Alikuwa amegundua siri ya kutufundisha. Unajua Usukumani ngoma zina pande mbili, Wagalu na Wagika, zinashindana baada ya mavuno na kila upande una dawa zake za kuvuta watazamaji. Upande huchagui, unaukuta nyumbani kwenu. Basi mwalimu akaligawa darasa vivyo hivyo. Tulishindana hesabu, tulishindana kufagia, tulishindana hadi kucha safi, na walioshinda ndio walioanza kucheza siku ya kufunga shule. Sisi kwetu ni Wagalu. Rafiki yangu, binti wa jirani, kwao walikuwa Wagika wa kutupwa, baba yake alikuwa mpiga ngoma wao mkuu. Hilo halikutuzuia kugawana michembe.

Mvua zilipokolea mwalimu akaleta chupa mbili kubwa za kioo, zile za peremende za dukani, akatutuma lambo. Chupa moja yetu, moja yao. Alisema tulee viluwiluwi tuone watakavyobadilika, kisha akakosea kitu kimoja: hakusema mshindi atapimwaje. Sisi watoto wa wafugaji tukajiamulia. Mnyama mzuri ana mkia mrefu, nani asiyejua hilo? Tukawapa viluwiluwi wetu majina ya madume ya ng’ombe, na kila asubuhi tuliweka unyasi kwenye kioo tukapima mikia. Wagalu tulikuwa tunaongoza. Nakuambia tulitembea vifua mbele.

Halafu mikia yetu ikaanza kufupika.

Miguu ilikuwa imechomoza, lakini nani aliitazama miguu? Dume letu kubwa lilikuwa na mkia wa kuringia, siku ya pili umepungua, siku iliyofuata umebaki nusu. Hakuna kipande kilichoonekana chini ya chupa. Wa Wagika, waliotagwa baadaye, mikia yao ilikuwa inapepea majini kama kawaida. Na aliyekuwa akibadilisha maji ya chupa zote mbili ni nani? Rafiki yangu, kwa kuwa kwao kulikuwa karibu na lambo. Upande wangu wakasema waziwazi kwamba ametia dawa ya baba yake kwenye maji yetu. Wengine wakasema anaikata kwa wembe. Mimi nilisema hapana, nikaitwa msaliti wa Wagalu.

Mwalimu alikasirika kweli. Alisema mambo ya dawa hayataki shuleni kwake, na kama ni kweli binti yule amewachezea wale wanyama, atakwenda kwao na asije tena. Sasa elewa uzito wake. Wasichana darasani tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Shangazi yake alikuwa amekwisha kumpatia mchumba, mtu mzima mwenye zizi limejaa, na kilichomzuia baba ni kwamba alikuwa amemwahidi mwalimu kumwacha binti asome. Shule yenyewe ikimkataa, ahadi imekwisha. Rafiki yangu aliacha hata kula michembe yangu. Alikuwa anaiangalia tu mkononi.

Baba yake akaja, fimbo begani, ng’ombe akiwaacha nje wanakula ua wa shule.

“Shikamoo mzee,” mwalimu akasema.

“Marahaba. Nimesikia mwanangu anakula mikia ya vyura.”

Darasa zima tukacheka, hata mwalimu akainama kuficha uso. Mzee akazitazama zile chupa kwa muda mrefu, kama anayechagua ndama mnadani. Kisha akasema, “Binti asiguse tena. Maji nitaleta mimi, wewe mwalimu utie mwenyewe, na hawa watoto watazame.”

Tangu hapo kila asubuhi alipita na ng’ombe wake na kibuyu cha maji ya lambo. Wenzangu wakanong’ona kwamba sasa Wagalu tumekwisha, mwenye dawa mwenyewe ndiye anayeleta maji. Mikia yetu ikaisha kabisa. Lakini kabla hatujamaliza kulalamika, mikia ya Wagika nayo ikaanza kufupika. Ilifupika kwa njia ileile, kwa maji ya mpiga ngoma wao mkuu, ambaye angeona afadhali akatwe mkono kuliko kuwaona Wagika wanashindwa. Ni nani angemroga ng’ombe wa zizini kwake? Mtoto aliyekuwa amepiga kelele zaidi ya wote akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu hakuwa navyo.

Siku hiyo chura mmoja wetu akaruka kutoka kwenye chupa, akatua juu ya kofia ya mwalimu. Tulipiga vigelegele pande zote mbili, Wagika wakacheza, sisi tukacheza, ng’ombe wakakimbia. Mzee alicheka mpaka akaketi kwenye dawati, magoti yamefika kidevuni.

“Mwalimu,” akauliza alipopata pumzi, “mkia umekwenda wapi?”

“Sijui, mzee.”

Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo kabla. Mzee akamgeukia binti yake. “Mayu, mwanangu, kaa hapa usome, uje uniambie.”

Akakaa. Shangazi alipokuja na habari za mchumba, mzee alijibu kwamba binti bado hajamweleza mkia ulikokwenda, na watu wakadhani anazeeka vibaya. Alijibu hivyo mwaka baada ya mwaka, mpaka rafiki yangu akawa muuguzi.

Lile lambo limejaa tope, wanalima dengu pale. Ngoma za siku hizi nazisikia kwenye spika. Mwalimu hayupo, na rafiki yangu nilimzika mwenyewe. Yeye jibu alilipata vitabuni, lakini hata mimi hakunipa, alisema amekatazwa. Alikuwa amerudi likizo, akapiga magoti kumsalimia baba yake, akamwambia leo nimekuja na jibu la ule mkia.

Mzee akaziba masikio kwa viganja. “Usiniambie,” akasema. “Wadogo zako bado wako shule, na shangazi yako bado anakuja na wachumba.”

Alifariki bila kuambiwa, na mabinti zake wote wamesoma.